Nyuki wa Spika ya Babu

Ayikoru,

Bado nausikia ule mvumo wa asubuhi ya kwanza. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Nilikuwa barazani nikimimina maji ya kunawa uso, na spika ya babu yako, lile boksi kubwa la mbao lililonyamaza tangu mwenyewe alipofariki, ikaanza kuvuma. Haikuvuma kwa nguvu. Ilikuwa kama mtu anayeimba wimbo wa kanisani bila kufungua mdomo. Unakumbuka nilichofanya? Nilitafuta waya ili niuchomoe. Niliizunguka spika, mwalimu mzima, nikitafuta waya katika nyumba isiyo na umeme. Ukatoka ndani na mswaki mdomoni, ukainama kwenye tundu ambalo panya walilitoboa katika kitambaa cha mbele, ukasema, "Mama, humu mna watu."

Sasa umekwenda kunyolewa, maana shule yako mpya haitaki nywele, na mimi nimekaa kwenye ngazi ya baraza nikikuandikia kabla hujarudi na kichwa kipya. Mambo ya sanduku siyaandiki. Godoro limefungwa, ndoo ipo, ufagio upo, na kuhusu kusali na kutoazimisha sketi nimekwisha kusema mpaka umeniigiza mbele ya majirani. Nakuandikia kwa sababu uliniuliza swali nami sikukujibu. Usiku huu ni wa mwisho kwako katika nyumba hii kwa muda mrefu, na sitaki uondoke na jibu la watu wengine.

Siku yenyewe umeisikia kwa midomo mingi. Isikie kwangu.

Kundi lilikuja ukiwa shuleni. Niliporudi kutoka kazini nilikuta uwanja umejaa. Nyuki walikuwa wamening'inia kwenye nondo za dirisha letu, wamegandana kama ndevu za mzee, na mbele yao, kwa umbali wa heshima, walisimama wapangaji wote, vijana wa boda wa pale stejini, muuza chapati, na watu ambao sijawahi kuwaona Luzira hii. Simu zote zilikuwa juu. Unajua mji wetu. Mtu akiibiwa huenda kwa mganga, mganga hutuma nyuki, na nyuki humkalia mwizi mpaka arudishe. Tumezitazama video hizo mimi na wewe, mwizi analia, mikono imefunikwa na nyuki, televisheni ya watu iko kichwani. Tulicheka sana. Siku ile waliokuwa kwenye video ni sisi.

"Mwalimu huyu amekuja! Mwalimu, toboa!"

"Nitoboe nini?"

"Kitu uliiba. Wewe rudisha tu, hii nyuki itaenda yenyewe."

"Nimeiba usingizi wako," nikamwambia yule kijana wa boda mwenye koti la manjano. "Ndiyo maana unalala juu ya pikipiki mchana kutwa."

Walicheka, na kwa kitambo kidogo nilidhani nimeshinda. Lakini Mama Nakku mwenye nyumba hakucheka. Alifunga vizuri mkanda wa gauni lake la gomesi, akanisogelea kama mtu anayempa pole mfiwa.

"Bambi, pole Mwalimu, mimi sigombani na wewe. Lakini nyuki haiji bule. Iko na mwenyewe. Ludisha kitu ya watu, tulale."

Ndipo mtu mmoja nyuma akasema, bila hata kupaza sauti, kwamba watu wanaoongea Kiswahili ndani ya nyumba zao wanajulikana. Maneno hayo umekua nayo. Katika mji huu wako wanaosema lugha yetu ni ya askari na ya wezi. Babu yako alikuwa polisi kutoka Arua. Nyanya yako alivuka mpaka kutoka Busia ya Kenya, akauza mitumba Nakivubo. Wangependana kwa lugha gani, wale wawili? Mimi nilizaliwa ndani ya Kiswahili, katika kambi ya polisi ya Naguru, nikaota meno ndani yake, na leo nakifundisha. Huko bwenini watakucheka. Kiongee kwa sauti.

Asubuhi iliyofuata dirisha lilikuwa tupu na spika ilikuwa inavuma.

Nilitaka waondoke. Nakwambia ukweli, wiki ile ya kwanza sikuwapenda hata kidogo. Niliwaonea aibu, kama mtu anavyoona aibu mgeni akimfuata mpaka mlangoni na watu wanatazama. Nikafanya kile ambacho kila mtu hapa hufanya kwa mbu: nikawasha trei za mayai zitoe moshi. Nilizipanga chini ya spika, nikapuliza, nikangoja waondoke kwa adabu. Hawakuondoka. Walivuma kwa sauti nyingine kabisa, wakatoka, wakanikuta nimepiga magoti. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia, unacheka na kulia kwa pamoja, unapiga kelele, "Mama, omba msamaha! Waombe msamaha!" Kwa siku kadhaa nilifundisha ngeli za nomino nikiwa na mdomo wa juu kama andazi, na darasa zima likawa na nidhamu ambayo sijawahi kuiona.

Nilidhani baada ya hapo Mama Nakku ataleta mtu wa kupuliza dawa. Nilimuuliza.

"Nani? Mimi niue nyuki ya watu?" Alirudi nyuma kabisa. "Ikiludi kwangu je? Nnyabo Mwalimu, hapana. Yakae. Mwenyewe atakuja kuchukua."

Kwa hiyo uvumi uliotutia aibu ndio uliowalinda nyuki. Hakuna aliyethubutu kuwagusa. Wapangaji wakahamisha kamba ya kuanikia nguo, watoto wakaacha kupiga mpira upande wetu, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie hapa, baraza hii ikawa na utulivu. Mimi na wewe tukaanza kukaa hapa jioni. Tukaanza kutazama.

Nisingeweza kukuambia haya tukiwa tumekaa pamoja, kwa sababu wewe husema mambo ya nyuki vizuri kuliko mimi. Wewe ndiye uliyegundua kwamba wale wanaosimama mlangoni hunusa kila anayerudi. Wewe ndiye uliyemwona yule aliyemburuta mwenzake aliyekufa, akamtoa nje, akaruka naye akiwa mzito kuliko yeye, akaanguka, akamshika tena, akaruka tena, mpaka akavuka ukuta. Uliwafuata wale wanaokwenda kunywa pale bomba linapovujia, ukarudi umelowa magoti, ukaniambia kwamba wanasubiriana. Ovakado ya jirani ilipochanua, walirudi na miguu ya njano, wengine wakitua kwa kishindo kama abiria aliyebeba mizigo mingi. Kwenye joto la saa nane, walijipanga mlangoni wakapepea mabawa bila kwenda popote, na ukaniambia ukiwa umeweka mkono pale, karibu kabisa, bila woga, "Wanapuliza upepo ndani. Mama, wana feni."

Nilianza kuwastahi. Halafu nikaanza kuwastahi kupita kiasi, na hapo ndipo nilipojiona.

Shuleni kwangu tulifundishwa fuata nyuki ule asali. Mimi mwenyewe nimeifundisha methali hiyo, nimeipa maksi. Nilikaa hapa jioni baada ya jioni nikisema moyoni, tazama bidii ile, hawalalamiki, hawaulizi malipo, wanatoka alfajiri wanarudi giza likiingia. Kisha jioni moja akatua nyuki mmoja kwenye ngazi hii, hapa nilipokaa, mabawa yamechanika pembeni kama karatasi ya daftari la zamani. Alikuwa amebeba. Alijaribu kuruka mpaka tunduni, akashindwa, akajaribu tena. Uliingia ndani kumletea maji ya sukari kwenye kijiko. Nami nikabaki namtazama, nikahisi fahari, na fahari ile haikuwa juu yake. Ilikuwa juu yangu.

Unajua jinsi nilivyofanya kazi. Shule asubuhi, masomo ya ziada jioni, tafsiri za watu mwisho wa juma. Umekula chakula cha moto ulichokipika mwenyewe tangu ukiwa mfupi kuliko jiko. Watu wakinisifu, "Mwalimu anajituma," nilikuwa nainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, lakini ndani nilikuwa nahesabu sifa ile kama ushahidi. Nilikuwa najenga kesi. Siku watakapokuja kuniuliza kwa nini huyu mtoto yuko kwako, nitawaonyesha mabawa yangu yaliyochanika.

Nyuki hajengi kesi. Anabeba kwa sababu ndani kuna wanaokula. Na usisahau, mwanangu, kwamba hata wao giza likiingia hutulia, wanashikana miguu humo ndani, wala hakuna anayewaita wavivu. Nenda ukasome kwa bidii yako yote. Lakini usisome kama mtu anayelipa faini. Huna faini. Wala usimwamini mtu anayesifu uchapakazi wako kila siku huku hana hata siku moja aliyokuuliza kama umechoka. Nilikuwa mtu huyo kwako. Nimekwisha kuacha.

Sasa nafika kwenye swali lako.

Ile video ya dirisha letu ilizunguka, kutoka simu hadi simu, mpaka ikafika kambini Naguru kwa Akello, dada wa baba yako. Alinitambua. Alikuwa hajaniona tangu ukiwa na miaka miwili. Jumapili ile alipobisha hodi, wewe ndiye uliyefungua, na nilimwona akikutazama uso, akashika mlango kwa mikono miwili, kwa sababu una macho ya kaka yake.

Kisha akaniona mimi.

"Kumbe uko Luzira," akasema. "Karibu na gereza. Ulichagua vizuri."

"Karibu ndani, dada."

"Usiniite dada. Miaka yote hii, wewe ulifikiri nitakufa bila kuona huyu mtoto? Sisi hatukutuma nyuki. Sisi ni watu wa Mungu. Lakini nyuki imefanya kazi ambayo polisi wote wa Naguru walishindwa. Imenionyesha nyumba ya mwizi."

Akasema mengine. Akasema hutapanda basi la shule yoyote kabla hujakanyaga nyumbani kwenu, kule Gulu. Akasema siku ya safari atakuja na kaka zake. Mimi nilijibu vikali, nikamtaja mpaka mama yake, ambalo silo jambo la kujivunia, na akaondoka bila kunywa maji. Usiku ukaniuliza, ukiwa umegeukia ukuta, "Mama, kile kitu ulichoiba, ni mimi?"

Nilisema, "Lala."

Jibu langu ni hili.

Mimi na baba yako hatukuwa tumeoana. Tulikua kambi moja, baba zetu walivaa sare moja, na ulipozaliwa nilikuwa na miaka kumi na tisa na barua ya chuo kikuu mkononi. Alikupenda. Alikuwa akikuweka juu ya kifua akilala, na ukimlowesha anasema ni baraka ya mvua. Lori lilimgonga akiwa kwenye boda, akirudi kutoka Port Bell. Tulimpeleka Gulu kumzika. Baada ya mazishi, wazee wa ukoo wake walikaa, wakaniita, wakaniambia kwa upole kabisa kwamba mimi ni binti mdogo, niende nikasome, mtoto abaki pale ambapo baba yake amelala. Walisema mtoto ni wa ukoo. Walikuwa wamekwisha kuamua nani atakulea, na ni Akello.

Hakukuwa na mtu mbaya pale. Nataka ulijue hilo. Walikuwa wamefiwa na kijana wao, na wewe ndiye kipande chake kilichobaki kikitembea.

Nikasema naenda kuteka maji. Nikakufunga mgongoni, nikachukua dumu la manjano, nikapita kisimani, nikapita barabara, nikalitua dumu kando ya njia na kupanda gari la kwanza lililosimama.

Kama kile ni wizi, basi mimi ni mwizi, na waambie wote, wewe mwambie hata mkuu wa shule, ningeiba tena. Ningeiba tena mchana kweupe. Sijapata kujuta hata sekunde moja ya barabara ile. Wewe hukuwa mbuzi wa kugawiwa baada ya msiba. Ulikuwa unanyonya.

Lakini kuna jambo ambalo nilifanya baada ya hapo, na hilo silitetei. Nilikuficha. Nilibadilisha namba ya simu. Nilihama Naguru, kambi iliyonizaa, nisikutane na mtu wao. Nilikuambia kwamba watu wa baba yako walihamia mbali. Ulipokuwa darasa la tatu, mama mmoja ndani ya teksi alikutazama usoni akakusalimia kwa Kiacholi, lugha ya baba yako, kwa furaha, kama mtu aliyeokota kitu chake, na mimi nikasema, "Hajui," nikakushusha kabla ya kituo chetu tukatembea juani. Uliniuliza alisema nini. Nikasema sijui. Nilijua. Alikuwa amekuuliza tu umeamkaje.

Mtu hufichaje kitu ambacho ni chake? Nilijiuliza swali hilo jioni nyingi hapa barazani, nikiwatazama wale walinzi wa mlangoni wakinusa. Nilikuwa nimejiweka mlinzi wa mlango wetu, nikamfukuza hata yule aliyekuwa na harufu ya nyumbani kwenu. Watu wakipiga kelele "toboa," nilikasirika kwa sababu sikuwa nimeiba kitu. Na bado nilikuwa naishi kila siku kama mwizi, kwa dirisha lililofungwa pazia, kwa namba isiyojulikana. Nilikulea vizuri ndani ya maficho. Si malezi kamili hayo.

Kwa hiyo hapana, Ayikoru. Hukuibwa. Nyuki walikuja kwa sababu spika ya babu yako ni mbao kavu yenye tundu zuri, na kwa sababu ovakado ilikuwa karibu kuchanua. Hakuna aliyewatuma wakufuate. Usibebe jambo hili kwenda nalo bwenini, usilale nalo ukutani. Lakini una shangazi aliyekutafuta miaka hii yote, una nyumba Gulu yenye kaburi ambalo hujawahi kulipalilia, una lugha ambayo mtu alikusalimia nayo nikakuzuia kuitikia. Hivyo vyote ni vyako, na mimi ndiye niliyevikalia.

Nilikuwa nimepanga tutoroke. Uliona jinsi nilivyopanga, ingawa hukusema: basi la kwanza kabisa la Tororo, iliko shule yako, giza bado, mizigo ipelekwe leo, Mama Nakku asiambiwe, ili Akello na kaka zake wafike wakute mlango umefungwa. Nilijua kulifanya hilo. Nimelifanya zamani na nilifaulu.

Leo asubuhi, nilipokuambia naenda kununua sabuni, sikwenda kununua sabuni. Nilikwenda Naguru.

Nilimkuta Akello nje ya nyumba yake, anafua sare ya mumewe, mikono imejaa povu. Wanawake wa pale walinigeukia wote kwa pamoja; wengine nilicheza nao kombolela utotoni. Hakunikaribisha. Nilisimama.

"Umekuja kutukana mama yangu tena?" akasema.

"Nimekuja kukuambia mtoto anasoma wapi."

Nikamtajia shule. Nikamtajia mji, na siku ambayo wazazi huruhusiwa kutembelea. Alirudia jina la shule taratibu, midomo ikicheza, kama mtu anayejifunza sala.

"Na Gulu?"

"Likizo ya kwanza. Nitampeleka mimi mwenyewe, na nitarudi naye mimi mwenyewe. Wazee wakitaka kukaa tena na kuamua, nitakaa nao, na safari hii nitaongea. Lakini shule kwanza. Na mtoto hachukuliwi na mtu. Si nanyi, si na mimi. Anakwenda."

Alisuuza mikono. Alichukua muda mrefu kuliko povu lililokuwepo.

"Nilisema nitakuja na kaka zangu."

"Kwa kaka zako, basi limejaa," nikamwambia, na nikampa tiketi.

Maana nilipita kituo cha mabasi cha Nakivubo kwanza, mwanangu, kabla ya kupanda Naguru, nikaibadilisha safari yetu. Hatuondoki gizani. Tunaondoka kesho saa nne asubuhi, mizigo yetu ikitolewa mbele ya wapangaji wote na Mama Nakku akitupungia mkono. Nimekata tiketi tatu. Kiti cha dirishani ni chako. Mimi na shangazi yako tutajua wenyewe huko ndani nani atakaa karibu nawe mpaka wapi.

Mama yako